Doa la Somoe

Upande wa Mandawa waliniita Dresa. Hamisi, jina nililopewa na marehemu baba, lilibaki kwenye cheti tu. Hata leo nikipita sokoni Ruangwa, mzee mwenzangu akinitambua huita kwa sauti, "Dresa! Kumbe bado upo?" Ninyi vijana wa zahanati mkisikia mnacheka, maana kwenu cheo hicho hakipo tena. Dresa alikuwa mtu wa kufunga vidonda. Lakini kijijini kwetu hapakuwa na mwingine, kwa hiyo dresa huyohuyo ndiye aliyekuwa daktari, mchanganya dawa, mfagiaji, na siku nyingine msuluhishi wa ndoa za watu.

Mmeniomba niwaeleze kazi ile ilikuwaje. Nitaeleza kama inavyonijia, msinidai mpangilio.

Nianze na chupa. Dawa za maji tulizichanganya wenyewe kwenye mtungi, na mgonjwa alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Tulikata ukanda wa karatasi, tukaukunja mara sita, tukaukata mapengo pembeni kwa mkasi, halafu tukaugandisha ubavuni mwa chupa kwa uji wa muhogo. Kila pengo ni dozi moja. Unamwambia mtu, "Asubuhi kunywa mpaka hapa, jioni mpaka hapa." Asiyejua kusoma alijua kufuata mapengo. Isipokuwa mzee mmoja aliyelalamikia choo kigumu. Nilimpa chupa yake, akainywa yote mbele yangu, akapangusa ndevu. "Kama nitapona kwa siku tatu," akasema, "nichelewe kwa nini? Nipone leo." Alipona leo. Hakufika kwake bila kuingia porini mara nne, na wiki iliyofuata alirudi na jogoo wa kunishukuru.

Sindano nazo mnazitupa zikishatumika mara moja. Sisi tulikuwa nazo chache, tunazichemsha kwenye karai, na ncha ikifa tunainoa juu ya jiwe laini kama kisu cha kuchinjia. Ilipokuja ile sindano ya buba, watu waliona muujiza. Mtoto aliyejaa vidonda mwili mzima anadungwa leo, baada ya siku chache ngozi imekauka, anacheza. Basi kila mtu akataka sindano. Anayeumwa kichwa, sindano. Aliyeota ndoto mbaya, sindano. Nilimpa bibi mmoja vidonge vya homa akanirudishia kiganjani, akasema, "Dawa isiyouma, mwanangu, inajuaje njia?"

Nakumbuka vicheko vile. Nakumbuka benchi la mbele ya banda letu la udongo, watu wamekaa tangu jua halijachomoza vizuri, wanazungumza Kimwera, mmoja Kiyao, mwingine Kimakonde, na wote wakifika mbele yangu wanahamia Kiswahili cha kushikiza ili Dresa aandike vizuri, ijapokuwa mimi mwenyewe Mmwera. Siku hizi nikikaa barazani asubuhi masikio yanatafuta sauti zile.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mrope, Mmakua wa upande wa Masasi, mfupi, mchache wa maneno. Nilimkuta Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya arobaini, wakati matingatinga yanang'oa misitu ili wazungu walime karanga. Watu walikuja kutoka kila pembe kutafuta kazi, na kila siku tulipokea mguu uliokatwa na shoka au kidole kilichobanwa na mnyororo. Mzee Mrope hakukubali nifungue kidonda kabla sijamsalimu mwenye kidonda. "Salamu kwanza," alisema. "Kidonda hakikimbii." Halafu alinifundisha kushika. Mgonjwa akisema tumbo, shika tumbo. Akisema mguu, shika mguu. Katika mfuko wa shati, nyuma ya kalamu, aliweka unyoya wa kuku. Wafanyakazi wakamwita Mzee Jogoo. Unyoya ule ulikuwa wa kupimia ukoma: mgonjwa anafumba macho, unampapasa kwa unyoya hapa na pale, naye anagusa kwa kidole mahali anaposikia. Pakiwa na doa asilolisikia, umeshajua.

Nilijifunza. Nilipima watu wengi kwa unyoya ule pale Nachingwea, nikawa mwepesi. Ndiyo maana jambo ninalotaka kuwaambia sasa sina kisingizio nalo.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilipelekwa peke yangu kwenye kile kijiji, mwendo wa kutwa kwa miguu kutoka Ruangwa. Somoe nilimjua mwezi wa kwanza. Mama yake, Bi Zainabu, alikuwa na pumu, na Somoe ndiye aliyemletea chupa. Chupa yenyewe ilinuka mafuta ya taa. Nikamwambia akaioshe. Akarudi, bado inanuka. Nikamrudisha tena. Mara ya tatu aliiweka mezani kwa kishindo.

"Bwana Dresa, unamtibu mama yangu au unaitibu chupa?"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka. Alikuwa na kicheko kinachoanzia mbali, kama mtu anayepandisha kilima, halafu kinamwagika. Kuanzia siku ile nilikuwa nasikiliza. Mwaka uliofuata nilimtuma mjomba wangu kupeleka posa kwa mjomba wake, kwa desturi yetu Wamwera, maana mtoto ni wa wajomba. Wakakubaliana. Tungoje mavuno ya ufuta, ndoa ifungwe.

Katikati ya kungoja huko Somoe alikuja zahanati na mama yake. Safari hii mgonjwa alikuwa yeye. Nyuma ya mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na doa la rangi ya shaba, kubwa kama kifuniko cha kopo.

"Linawasha?" nikamwuliza.

"Haliwashi. Haliumi. Lipo tu."

Sikilizeni vizuri, ninyi mnaosomea kazi hii. Haliwashi, haliumi. Mtu amekupa jibu lote mdomoni. Choa kinawasha. Nilikuwa na unyoya wangu mwenyewe, kwenye bati la vifaa. Lakini yule alikuwa mchumba wangu, mama mkwe ameketi pembeni anatazama, benchi nje limejaa watu wanaochungulia. Niliona haya kumshika mkono. Nilimstahi pale nilipotakiwa kumtibu. Nikaangalia kwa mbali, nikasema, "Choa hicho," nikampa dawa ya kupaka.

Alipaka mwaka mzima. Ndoa ilisogezwa mbele kwa sababu babu yake alifariki, halafu mvua zikaharibu ufuta. Kila nilipomwuliza habari ya doa alijibu, "Lipo, limekuwa mwenyeji." Tukacheka. Nilikuwa nacheka, jamani.

Mzee Mrope alikuwa anazungukia zahanati za vijijini kwa baiskeli. Alifika kwetu siku ya Jumanne, mchana, amejaa vumbi mpaka nyusi. Bi Zainabu alisisitiza mgeni wa mkwe wake ale kwake. Tukakaa kivulini uani, na Somoe akawa anapika kisamvu mekoni. Kilipoiva akakiinua chungu kutoka kwenye mafiga, akatuletea. Mkono wa kulia alikuwa ameshika kwa kitambaa. Wa kushoto alishika hivihivi.

Harufu ilitufikia kabla ya chungu. Harufu ya ngozi.

"Weka chini chungu, binti yangu," akasema Mzee Mrope, polepole kabisa.

"Kuna nini, baba?"

"Weka chini."

Akaweka. Vidole vyake viwili vilikuwa vimebabuka, na yeye bado anatutazama, hajui tunaangalia nini. Mzee Mrope aliomba ruhusa kwa Bi Zainabu, akamshika Somoe mkono, akamwambia afumbe macho, akatoa unyoya. Alipapasa paji la uso, Somoe akagusa. Alipapasa shingo, akagusa. Alipapasa lile doa, Somoe akabaki ametulia, amefumba macho, anangoja.

"Bado hujaanza?" akauliza.

Mzee Mrope akampapasa tena. Halafu akashika kiwiko chake, akatafuta kwa kidole gumba mshipa unaonenepa kwa ukoma, akanitazama mimi. Hakunikaripia. Hakunikaripia siku ile wala baadaye, na afadhali angenikaripia.

Tulipokuwa tunarudi zahanati aliniuliza swali moja. "Ulimshika?"

"Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

Akasukuma baiskeli hatua nyingi. Kisha akaniambia kuwa kuna vidonge vipya, vinaponya ukoma kwelikweli. Mtu anavimeza miaka kadhaa, ugonjwa unaisha. Wala hauambukizi ovyo kama watu wanavyodhani. Ila kidole kilichokwisha kufa hakifufuki. "Angeanza mwaka jana," akasema, akaishia hapo.

Habari ilienea kijijini kabla jua halijazama. Siku ya tatu wajomba walikutana kwa Bi Zainabu. Mimi niliitwa, nikakaa mkekani karibu na mlango. Mjomba wangu alikuwa mtu mwema, hakuwa na ukali. Alisema kwa upole kwamba posa tulileta kwa heshima na tunaiondoa kwa heshima. "Ugonjwa huu hauozwi," akasema. "Tutawaambia nini watoto?" Mjomba wake Somoe akainamisha kichwa. Mmoja akasema yafaa binti ajengewe kibanda chake mbali, ng'ambo ya mto, mpaka gari la kumpeleka kwenye kambi ya wagonjwa lipatikane. Wakanigeukia.

"Dresa, wewe ndiye unayejua mambo haya. Unasemaje?"

Kati ya watu wote waliokuwa pale, aliyejua ukweli ni mimi. Nilijua juu ya vidonge. Nilijua hakuna haja ya kibanda. Nilijua kwamba doa lile lingekamatwa mwaka mmoja nyuma kama siyo haya yangu. Ningesema lolote kati ya hayo, wangenisikiliza, maana koti langu jeupe la kazi lilikuwa na uzito kuliko kilemba. Nilitazama mkeka. Nikasema, "Wazee mmesema."

Somoe alikaa kwenye kile kibanda wiki tatu. Nilimpelekea dawa ya kuungua, nikamwekea mlangoni. Halafu alipanda lori kwenda kambini, ng'ambo ya Nachingwea. Sikwenda kumuaga. Nilijifanya nina wagonjwa wengi, na siku ile hata benchi lilikuwa tupu.

Vijana wangu, mimi nilitumika miaka mingi baada ya hapo, chini ya bendera mbili. Nimezalisha wanawake njiani, nimechanja ndui vijiji na vijiji, nimelala njaa nikingoja dawa zilizokwama mtoni. Niliagwa kwa sherehe, nikapewa redio. Waliosimama kunisifu walitaja mambo mengi ya kweli. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele nawaza wiki tatu za kibanda.

Kilichonibadilisha hakikuwa ushujaa. Mwaka mmoja baada ya Somoe kuondoka, mkulima mmoja wa mikorosho, Mzee Salumu, alipatikana na doa kama lile mgongoni. Nilimpima mwenyewe, kwa unyoya, mbele ya wanawe. Jumbe akaitisha baraza, yakaanza maneno yaleyale ya kibanda na mto. Safari hii nilisimama. Nikasema dawa ipo, Mzee Salumu ataimezea nyumbani kwake, na mimi nitakuja kila wiki kuhakikisha. Jumbe akaniuliza, "Utakula naye?" Nikasema nitakula naye. Wakaleta sinia ya ugali na mlenda palepale, wanijaribu. Tukala, mimi na Mzee Salumu, baraza zima kimya kama msikiti, na mlenda mnajua unavyovutika, ukawa unatuchafua ndevu wote wawili. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na mambo yakaisha hivyo. Mzee Salumu alipona, na alikufa uzeeni kwa mambo mengine.

Nikawa natafuta. Nilipokwenda kuchanja, nilitazama migongo ya watu. Kwenye ngoma, kwenye mavuno, kwenye msiba, macho yangu yalikuwa kwenye ngozi za watu mpaka wengine wakanidhania mshirikina. Niliyemwona nilimshika, awe mke wa jumbe au binti wa shehe, kwa idhini na mbele ya watu wake. Wengi walianza dawa mapema, vidole vyao vikabaki vizima. Kila mmoja nilimfurahia, na kila mmoja aliniuma.

Bi Zainabu nilimtibia pumu yake mpaka mwisho. Hakuwahi kunitamkia neno baya. Aliniita "mkwe" mbele ya watu, kwa mazoea, kisha anajikumbuka, ananiita Dresa.

Ilipita kama miaka minne tangu Somoe aondoke. Mwisho mwisho wa miaka ya hamsini, Mzee Mrope alinipitishia habari kwamba Somoe amepimwa, ugonjwa umeisha, ana cheti, anaweza kurudi nyumbani wakati wowote. Lakini harudi. Niliomba ruhusa ya siku chache. Nilivaa kanzu yangu nzuri, nikapanda lori la ufuta mpaka Nachingwea, na kutoka pale nikatembea.

Kambini palikuwa safi, nyumba zimepangwa mistari, mihogo imestawi. Nilimkuta kwenye ukumbi mdogo, amezungukwa na akina mama wageni, anawaonyesha namna ya kushika sufuria kwa kitambaa kila mkono, na namna ya kutazama nyayo kila jioni kama kuna mwiba wasiousikia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja. Sauti ilikuwa ileile. Nikasimama mlangoni mpaka amalize.

"Umekonda, Hamisi," akasema.

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniita Hamisi wakati ule.

Tukakaa kwenye kibaraza. Nikampa salamu za mama yake, nikampa kanga aliyomtumia. Kisha nikasema, "Nimekuja mwenyewe. Sikumtuma mjomba."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kukuposa."

Alicheka. Kikaanzia mbali, kikapanda kilima, lakini hakikumwagika. Kilikatika juu.

"Siku ile ya wajomba," akasema, "nilikuwa nyuma ya ukuta. Nilisikia walipokuuliza. Nilisema moyoni, sasa Hamisi atawaambia. Nikangoja." Akakunja ile kanga vizuri mapajani. "Nilikuwa nimekuchukia, sikufichi. Nilikuchukia hata kuliko ugonjwa. Sasa sikuchukii. Nimekusamehe siku nyingi, hata ulikuwa huna haja ya kuja mpaka huku."

"Basi turudi nyumbani."

"Sitaki kuwa mke wa mtu atakayekuwa ananiangalia vidole kila akila."

"Siviangalii."

"Umeviangalia mara tatu tangu ukae."

Ilikuwa kweli. Safari hii kunyamaza kulikuwa halali yangu.

Akaniambia kwamba pale wamempa kazi ya kuwapokea wanawake wanaofika, maana wengi hufika wameshajikatia tamaa, wengine wamefukuzwa na watu wao wenyewe. Yeye huwaosha, huwapikia, huwafundisha. "Nawe una wagonjwa wako kule," akasema. "Nasikia ulikula mlenda na Mzee Salumu. Vizuri."

Baadaye nilioa, Fatuma wa Naipingo, mama wa watoto wangu, Mungu amrehemu. Nilimweleza habari hii yote kabla ya ndoa, naye hakunisimanga hata siku moja. Tuliishi vizuri. Mtu anaweza kuishi vizuri na bado akawa na kona moja ndani yake ambayo taa haiwashwi. Sijui kwenu mnaiitaje.

Siku ile Somoe alinisindikiza mpaka barabarani. Lori lililoleta wagonjwa wapya lilikuwa linageuza kurudi Nachingwea. Tukasimama kando, akaniuliza nani analima shamba la baba yake, kama nguruwe bado wanaharibu mihogo, kama mama anapata usingizi. Nilijibu kila kitu kirefu, ili maneno yasiishe. Dereva akapiga honi. Nikapanda nyuma, nikakaa juu ya magunia matupu.

Miongoni mwa waliokuwa wameshuka kulikuwa na mama mmoja amejifunika uso wote kwa kanga, amekumbatia furushi, amesimama peke yake katikati ya barabara kama hajui aelekee wapi. Somoe alimwona. Akaniambia, "Haya, Hamisi, safari njema," akamwendea. Lori likaondoka. Nilimtazama kwa kuwa barabara ilikuwa imenyooka na unaweza kuona mbali. Nilikuwa nangoja ageuke. Alimpokea yule mama furushi, akamshika mkono, akamkalisha juu ya jiwe, kisha akapiga magoti mbele yake vumbini na kuanza kumtazama nyayo.